Kabla Hujatuma Dipoziti ya Nyumba kwa Simu: Nyumba za Safu za Zamani Nairobi

Tangazo lenyewe huwa tamu. Nyumba ya safu ya miaka ya 60, Kileleshwa au Lavington, vyumba vitatu vya kulala, miti mikubwa barabarani, na bei iko chini ya ulivyotarajia. Chini ya picha kuna namba ya simu na ujumbe: "Wateja ni wengi. Tuma pesa kidogo nikushikie."

Je, dipoziti ya nyumba inaweza kulipwa kwa simu? Jibu letu ni fupi. Malipo madogo ya safari hii, ndiyo. Dipoziti yenyewe, hapana.

Tunajua ni ajabu kampuni ya malipo ya simu kukwambia usilipe kwa simu. Lakini fikiria hivi: pesa ya simu hufika kwa sekunde, ilhali nyumba huchukua wiki nyingi, hata miezi, kabla iwe yako kisheria. Ukituma kwanza halafu uanze kuuliza maswali, mwenye kuuza hana haraka tena ya kukujibu. Hapo ndipo shida huanza.

Nyumba tunazozungumzia

Nyumba ya safu ni ile iliyojengwa kwa mstari, kila moja imeegemea ya jirani na ukuta wa kati ni mmoja. Zile za miaka ya 50 na 60 utazijua haraka: umbo la mraba lisilo na mapambo, paa bapa au lenye mwinamo mdogo, madirisha mapana yenye fremu za chuma, sakafu ya terazo, na kuta za matofali yenye matundu ya kupitisha hewa. Wasanifu wa wakati ule walitaka upepo na kivuli vifanye kazi, ndiyo maana nyingi ni baridi mchana bila feni.

Ni nyumba nzuri. Lakini umri wake unaleta maswali ambayo apartimenti mpya haina. Angalia paa kama ni la asbesto, kwa sababu asbesto ni taka hatari na kuiondoa ni kazi ya watu wenye leseni ya NEMA, si ya fundi wa mtaa. Angalia mabomba na nyaya za stima. Na kumbuka huwezi kuibomoa ujenge ghorofa ukitaka, kwa sababu nusu ya ukuta ni ya jirani. Nyumba iliyosimama peke yake hapo jirani inaweza kununuliwa kwa sababu ya ardhi tu. Wewe unanunua nyumba.

Mambo matatu ambayo picha haiwezi kukuonyesha

*Miaka iliyobaki.* Ardhi nyingi Nairobi ni ya lisi, yaani unaimiliki kwa muda fulani, mara nyingi miaka 99. Tuseme lisi ya nyumba hiyo ilianza 1962. Itaisha 2061. Toa mwaka wa leo, uone umebaki na miaka mingapi. Benki nayo itapiga hesabu hiyo hiyo kabla ya kukupa mkopo, na ikiona lisi inakaribia kuisha inaweza kukataa. Sheria ya Ardhi ya 2012 inampa mwenye lisi inayoisha nafasi ya kwanza ya kuomba upya, akiwa Mkenya na kama serikali haihitaji ardhi hiyo kwa matumizi ya umma. Lakini kuomba si kupewa. Bei ya chini uliyoiona kwa tangazo pengine ni kwa sababu ya hii miaka.

*Asili ya hati.* Baadhi ya nyumba za zamani katika mitaa kama Kileleshwa zilijengwa kwa ajili ya wafanyakazi wa serikali. Ripoti ya Tume ya Ndung'u ya 2004 ilieleza jinsi ardhi ya umma, zikiwemo nyumba za serikali, ilivyogawiwa watu kinyume cha sheria. Na Aprili 2023, katika kesi ya Dina Management dhidi ya Kaunti ya Mombasa, Mahakama ya Juu ilisema kuwa na hati peke yake hakutoshi kama ardhi ilitolewa vibaya tangu mwanzo. Kampuni ile ilikuwa na hati na bado ilipoteza ardhi. Kwa hivyo usimuulize muuzaji tu, "Uko na hati?" Muulize, "Hati hii ilitoka kwa nani, na huyo aliipata kwa nani?"

*Hati ya nani hasa.* Katika safu, wakati mwingine ardhi yote ina hati moja kubwa, na kila mwenye nyumba ana lisi ndogo na hisa katika kampuni ya usimamizi. Sheria ya Sectional Properties ya 2020 inataka kila nyumba itambuliwe kivyake. Uliza kama nyumba hii imeshabadilishwa. Kama bado, uliza ni nani anashika hati kubwa na kama majirani wanaelewana, kwa sababu kazi hiyo mtaifanya pamoja.

Hesabu inayoonyesha njia si sawa

Kawaida ya Kenya ni kulipa asilimia 10 wakati wa kutia sahihi mkataba, halafu salio ndani ya siku 90 hivi. Tuseme nyumba ni shilingi milioni 24. Asilimia 10 ni milioni 2.4.

Kwa sasa muamala mmoja wa pesa ya simu hauvuki shilingi 250,000, na kwa siku huwezi kupita 500,000. Ili utume milioni 2.4 utahitaji miamala 10 kwa siku 5. Mtu akikwambia uigawe vipande vipande utume kwa namba yake, au kwa namba tatu za "ofisi", jua anakutoa kwenye njia halali.

Njia halali iko hivi. Mkataba wa kuuza ardhi Kenya lazima uwe wa maandishi, utiwe sahihi na pande zote, na sahihi zishuhudiwe. Sheria ya Mikataba, kifungu cha 3, inasema hivyo. Dipoziti huenda kwa akaunti ya benki ya wakili wa muuzaji, naye huishika hadi uhamisho ukamilike. Mkataba ukivunjika kwa kosa la muuzaji, kuna mtu mwenye leseni wa kuulizwa pesa iko wapi. Pesa uliyotuma kwa namba ya broka kabla ya mkataba haina karatasi nyuma yake.

Malipo yanayofaa kupitia simu

Si eti simu haina kazi. Kuna malipo ambayo ni rahisi zaidi kwa simu, na risiti yake inabaki kama ushahidi:

1. *Upekuzi rasmi wa hati.* Watu huita kufanya sachi. Nairobi hufanywa kupitia Ardhisasa, mfumo uliozinduliwa Aprili 2021. Utaona jina la mwenye nyumba, lisi imebaki miaka mingapi, na kama kuna benki au kesi inayoshikilia. Fanya hii kabla ya kulipa mtu yeyote kitu kingine. Fanya mwenyewe au kupitia wakili wako, usikubali nakala ya muuzaji.

2. *Malipo ya serikali.* Huduma za serikali hulipiwa kwa Paybill 222222 ya eCitizen. Ukiambiwa "ada ya serikali" inaenda kwa namba ya mtu binafsi, hiyo si ada ya serikali.

3. *Ada ndogo za wataalamu.* Mpima ardhi wa kuthibitisha mipaka, fundi wa kukagua paa na stima. Lipa kwa namba ya biashara yenye jina lao, kazi ikishafanywa au kwa makubaliano ya maandishi.

Ushuru wa stempu utalipa baadaye: asilimia 4 ya thamani kwa ardhi ya mjini. Kwa nyumba yetu ya milioni 24 ni shilingi 960,000, kama thamani ya serikali italingana na bei. Uweke kwenye bajeti mapema, watu wengi huusahau. Muuzaji naye ana ushuru wake wa faida, asilimia 15, na usikubali akusukumie bila kuandikwa kwenye mkataba.

Na hii ada ya kutazama nyumba?

Broka akikuomba pesa ya kutazama, muulize namba yake ya usajili katika Bodi ya Usajili ya Estate Agents. Sheria inataka awe amesajiliwa. Akikuambia mwenye nyumba yuko ng'ambo na hauwezi kuingia ndani hadi utume kitu, acha. Picha za nyumba nzuri huibwa kila siku na kuwekwa kwa tangazo jipya. Hata ukiingizwa ndani, anayekufungulia mlango anaweza kuwa mpangaji tu. Linganisha jina la kitambulisho chake na jina lililotoka kwa upekuzi. Kama ni nyumba ya ndoa, mume au mke wa muuzaji lazima akubali kwa maandishi.

Wakili wako mtafute mwenyewe, si yule aliyeletwa na broka. Tovuti ya Chama cha Mawakili Kenya itakuonyesha kama ana leseni ya mwaka huu.

Ukiwa umeshatuma

Usione haya, na usingoje kesho. Tupigie mara moja ukiwa na ujumbe wa muamala. Kama pesa bado iko kwa pochi ya mpokeaji, tunaweza kuizuia tukiendelea kuchunguza. Ikishatolewa kwa ajenti au kuhamishwa, hatuna cha kushika, na kesi inabaki ya polisi. Piga ripoti kituoni upate namba ya OB, au piga simu ya bure ya DCI, 0800 722 203. Hifadhi mazungumzo yote, tangazo na picha. Usimfungie broka mapema, ujumbe wake ni ushahidi.

Kabla ya kuweka namba ya siri, soma jina linalotokea kwenye skrini. Jina hilo liwe ni la serikali, la biashara unayoijua, au la mtaalamu uliyemchagua mwenyewe. Likiwa ni la mtu usiyemjua anayekuharakisha kwa sababu ya nyumba ya milioni 24, bonyeza kughairi.

Mtumie makala hii mtu wako anayetafuta nyumba wikendi hii. Akiisoma kabla ya kwenda kutazama, atakuwa na maswali ya kuuliza.