Kombi Huoza Pasipofika Hewa

Msomaji mmoja wa Tanga ameniandikia kuhusu kombi yake, Volkswagen ya mwaka 1974 aliyoachiwa na baba yake mdogo. Anataka kuigeuza gari la kulala: kitanda nyuma, jiko la mtungi mdogo wa gesi, sinki, mapazia, na safari ya Lushoto na familia shule zikifungwa. Injini haina neno. Shida ni bodi. Miaka miwili iliyopita fundi alimchomelea kiraka cha bati jipya juu ya sakafu iliyotoboka miguuni pa dereva, akakandika puti, akapiga msasa, akapuliza rangi, na gari likang'aa kama kiatu cha bwana harusi. Masika ya pili hayajaisha, rangi ikavimba. Akabonyeza kwa kidole, kidole kikazama. Anauliza: “Kwa nini kutu irudi palepale nilipoziba, na ule mkwaruzo ulio wazi ubavuni, wa tangu enzi za marehemu, haujatoboka mpaka leo?”

Historia ya kombi nitairuka. Mholanzi Ben Pon aliichora kwenye kijitabu chake mwaka 1947, Wajerumani wakaanza kuiunda 1950, Westfalia wakaanza kuitilia samani za kulalia mwaka uliofuata, Wabrazili wakaendelea kuitoa hadi mwisho wa 2013. Inatosha. Kuna watu wanaoweza kukesha wakibishana juu ya idadi ya vioo vyake, nami si mmoja wao. Nitaruka pia ile kanuni tuliyokariri shuleni, kwamba chuma na maji na oksijeni huzaa kutu. Si ya uongo, ila haimsaidii msomaji wetu. Kwa kanuni hiyo ule mkwaruzo wa ubavuni, unaopata mvua na upepo wa bahari kila siku, ndio ungetangulia kuoza.

Jibu liko ndani ya tone moja la maji.

Katika miaka ya 1920, mwanakemia Ulick Evans wa Chuo Kikuu cha Cambridge alichukua kipande cha chuma kilichosuguliwa kikang'aa, akakidondoshea tone la maji ya chumvi. Ndani ya tone alitia dawa mbili za rangi. Ya kwanza hugeuka buluu ikikutana na chuma kilichoyeyuka. Ya pili hugeuka waridi maji yakiwa na asili ya magadi. Kisha akatazama. Mwanzoni madoa ya rangi zote mbili yalitapakaa ovyo kama nzi kwenye embe. Lakini oksijeni iliyokuwamo ndani ya tone ilipokwisha, rangi zikajipanga zenyewe: ukingoni kote duara la waridi, katikati buluu tupu, na baadaye, kati ya hizo mbili, pete ya kahawia. Kutu.

Hapo pa buluu ndipo chuma kilipokuwa kinaliwa. Katikati ya tone! Mahali penye kina, ambapo oksijeni inafika kwa taabu. Ukingoni, ambako maji ni membamba na hewa ni tele, chuma kilikaa salama. Oksijeni, ambayo bila yake hakuna kutu, ilikuwa inakula mahali ambapo haikuwapo. Kila nikilieleza jambo hili watu hudhani nimekosea maneno.

Fikiria shughuli ya harusi katika nyumba ya Kiswahili. Wageni wako barazani, kwenye upepo. Oksijeni ndiye mgeni, na ni mgeni mwenye njaa: kila mmoja haridhiki mpaka apate sahani nne. Sahani ni elektroni. Lakini barazani hapapikwi. Chakula kiko uani, stoo, kule ambako mgeni hakanyagi, na sahani zinapita kwenye korido ya ndani, ambayo ni chuma chenyewe. Elektroni husafiri humo bila kizuizi. Kule stoo kila chembe ya chuma ikishatoa sahani zake mbili haina tena la kufanya ndani. Inafungua mlango wa uani, inatoka. Inatoka kweli: inaingia kwenye maji na hairudi. Basi wageni wanazidi kushiba barazani, na stoo inazidi kuwa tupu, na anayekagua baraza atasema nyumba hii haijapungukiwa na kitu.

Sasa nje ya nyumba kuna uchochoro unaounganisha uani na baraza. Huo ni maji. Chembe za chuma zilizotoka uani zinapita humo, na mabaki ya karamu kutoka barazani yanapita humo vilevile, yanakutana katikati ya njia, na hapo ndipo taka zinaporundikana. Taka hizo ni ile pete ya kahawia. Angalia basi: kutu unayoiona haikai lazima mahali panapoliwa. Fundi anayesugua kwa brashi ya waya pale penye wekundu mwingi huenda anafagia uchochoro huku stoo ikiendelea kuibiwa.

Na chumvi? Chumvi haili chuma kama watu wanavyosema. Kazi yake kubwa ni kuutanua uchochoro, chembe zenye umeme zikapita bila kugongana mabega. Ndiyo maana gari la Tanga huzeeka haraka kuliko pacha wake wa Dodoma. Na kwa nini baraza lenyewe lisiliwe? Kwa sababu karamu ya oksijeni huyafanya maji ya pale yawe ya magadi, na chuma kikikaa kwenye magadi hujivika utando mwembamba sana usioyeyuka. Wageni wanamlinda mwenyeji mbele ya nyumba huku wakimfilisi nyuma. Tena baraza likiwa pana na stoo ndogo, balaa huongezeka: karamu kubwa yote inatolewa kwenye pembe moja, na pembe hiyo inatoboka tundu badala ya kukonda polepole. (Mhariri ananiambia harusi imekwisha, wageni waende. Haya.)

Turudi Tanga. Fundi alipoweka bati jipya juu ya sakafu mbovu, aliacha mwanya wa unene wa kucha kati ya mabati mawili. Maji yakiingia kwenye mwanya kama huo hayatoki. Yanapanda na kushikilia kama mafuta ya taa kwenye utambi. Mdomoni mwa mwanya kuna hewa, ndani hakuna. Bila kujua alijenga nyumba kamili, na baraza, na stoo, na uchochoro usiokauka. Puti haikusaidia, kwa kuwa hunywa unyevu. Kisha kutu, ambayo hujaza nafasi zaidi ya mara mbili ya chuma kilichoizaa, ikaanza kusukuma mabati yaachane, rangi ikavimba. Ule mkwaruzo wa ubavuni kwa upande wake hulowa usiku na saa tatu asubuhi umeshakauka. Ni baraza tupu. Unaliwa, ndiyo, lakini kwa mwendo wa kobe.

Tena kombi imejaa nyumba za namna hii tangu ilipotoka kiwandani. Haina chesisi ya kufungua kama lori. Mihimili yake imechomelewa pamoja na bodi, na mingi ni visanduku vya bati jembamba vilivyofungwa pande zote. Kuna mhimili chini ya milango, kuna mkunjo wa mfereji wa paa, kuna mpira wa kioo cha mbele unaonywesha sakafu ya dereva, kuna kitako cha betri kule nyuma ambako tindikali hudondoka. Ukitaka kununua kombi kuukuu, acha kutazama rangi. Lala chini na bisibisi.

Ipo njia ya kuwapa wageni chakula kingine, na hapa nina ugomvi na neno. Zinki hutoa sahani zake kwa urahisi kuliko chuma. Wanakemia huipima volti 0.76 chini ya sifuri, na chuma 0.44. Ukivigusanisha na kuvilowanisha pamoja, zinki huliwa na chuma hubaki. Nimeona wengine wakiiita zinki hiyo “anodi ya kujitolea”, anodi ikiwa ni upande ule unaoliwa. Sipendi. Anayejitolea ameamua mwenyewe, na zinki haikuulizwa. “Mhanga” nalo siku hizi lina harufu ya baruti. Neno letu lipo, nalo limekaa tayari karne na karne: kafara, kitu kinachotolewa ili madhara yaliyomlenga mwingine yakiangukie hicho. Sioni lugha nyingine iliyoandaliwa vizuri hivi kwa ajili ya somo la kutu. Ila tuseme vipi? “Zinki ya kafara” inanikera, kwa sababu inasikika kama zinki anayoitumia mganga katika shughuli zake. Tunasema kafara ya mbuzi, kafara ya kuku, maana mbuzi mwenyewe ndiye kafara. Basi iwe kafara ya zinki. Nimeliandika hivyo daftarini kwa wino.

Aliyeitoa kafara hiyo kwa hesabu za kisayansi ni Mwingereza Humphry Davy, mwaka 1824. Jeshi la majini la Uingereza lilikuwa linafunika matumbo ya meli kwa mabamba ya shaba, nayo bahari ikiyala. Davy alishikiza vipande vidogo vya zinki na chuma kwenye shaba, na shaba ikaacha kuliwa kabisa. Ikawa balaa. Shaba ilipokuwa ikiyeyuka kidogokidogo ndiyo iliyokuwa ikiwaua viumbe wa baharini wanaojibandika. Ilipolindwa, meli ziliota magome na mwani zikawa nzito kama magogo. Jeshi likaviondoa vile vipande. Namhurumia Davy: kemia yake haikuwa na kosa hata moja.

Nyumbani kwako kafara hii unalala chini yake. Mabati ya kuezekea yamepakwa zinki, na ukiyakata kwa mkasi, ukingo ule mwembamba uliobaki chuma kitupu hauozi mara moja, kwani zinki iliyo jirani inaliwa kwa niaba yake. Kwenye kombi kazi hiyo hufanywa na rangi ya msingi iliyojaa unga wa zinki, ilimradi unga uwe mwingi kiasi cha chembe zake kugusana, na iguse chuma kisafi bila kupitia kutu wala puti. Kinachouzwa mara nyingine, kipande cha zinki cha kufunga kwa bolti chini ya gari, hakina faida: boti ina bahari nzima kuwa uchochoro wake, lakini gari lina tone hapa na tone pale, na tone la mlangoni halijui kama kuna kafara kwenye bampa.

Kwa hiyo, ndugu yangu wa Tanga, kiraka kile king'oe. Kata sakafu mpaka ufike kwenye chuma kinacholia ngaa ukikigonga, hata kama tundu litakutisha, na bati jipya lichomelewe ukingo kwa ukingo, lisilalie la zamani. Maungio yazibwe, kisha ndani ya visanduku vya mihimili ipulizwe nta inayotambaa. Oili chafu ambayo mafundi wengi hupaka inazuia maji kwa muda, kisha inaoshwa na mvua na kuingia udongoni. Bati lenye zinki likwaruliwe kabla ya kuchomelewa, moshi wake mweupe huleta homa. Na jiko la gesi lisiwake mkiwa mmelala. Hilo lina makala yake.

Kuhusu samani, mbao na sponji unazotaka kubandika ukutani zisikamate bati moja kwa moja. Mtu mmoja aliyelala hutoa kwa pumzi na ngozi kama glasi nzima ya maji kwa usiku. Mkiwa wanne Lushoto, mwezi wa Julai, vioo vimefungwa kwa baridi, ni glasi nne, na bati lililo baridi nyuma ya ubao ndilo litakalozipokea. Acheni dirisha moja wazi kwa upana wa vidole viwili. Asubuhi maji hayo yatateremka ndani ya kuta yakitafuta vitundu ambavyo kiwanda kilivitoboa chini ya milango na mihimili kwa kazi hiyo. Katika picha ya tatu uliyonitumia naona fundi alivipaka rangi vikazibika. Chukua spoku ya baiskeli uvizibue leo hii, kabla hata hujatafuta hela za bati.