Nishani Zilizosahauliwa: Namna ya Kusahihisha Kumbukumbu za Askari Mstaafu
(Sehemu ya Pili)

Katika sehemu ya kwanza ya makala haya tulieleza nishani ni nini, nani mwenye mamlaka ya kuitunuku, na tofauti iliyopo baina ya nishani ya ushujaa, ambayo mtu hupewa kwa tendo lake mwenyewe, na nishani ya vita au ya utumishi, ambayo ni haki ya kila aliyekuwapo mahali fulani katika siku fulani. Leo twaingia katika jambo zito zaidi, nalo ni hali ya askari aliyestahili nishani, akaitolea jasho na pengine damu, kisha akastaafu na kurudi uraiani ilhali kumbukumbu zake za utumishi hazina hata mstari mmoja unaoitaja.

Watu wa namna hiyo hawakosekani hapa Mbagala. Kuanzia Kizuiani hadi Charambe, na kutoka Rangi Tatu mpaka Mbagala Kuu, wamo wazee waliojenga huku baada ya kuvua sare, kwa kuwa viwanja vilipatikana kwa bei ya kadiri, na Barabara ya Kilwa haikuwaweka mbali na kambi ya Twalipo pale Mgulani, kambi iliyopewa jina la Jenerali Abdallah Twalipo, ambaye ndiye aliyekuwa Mkuu wa Majeshi wakati wa vita vya Kagera. Siku ya Mashujaa, tarehe 25 Julai, huwaona wenzao wakiwa na nishani kifuani, nao wakakaa kimya barazani.

Kosa walifanyalo walio wengi, nami nalisema bila ya kuwalaumu kwa sababu hakuna aliyewafundisha vingine, ni kuanza kwa kuiomba nishani. Huandika barua ndefu ya malalamiko, wakataja mvua na njaa na miguu iliyooza ndani ya viatu, wakamaliza kwa kusema kwamba wenzao wote wamepata nao wameachwa. Ofisa aipokeaye barua hiyo aweza kumhurumia mwandishi wake kwa moyo safi kabisa, walakini huruma haimpi idhini. Nishani ya vita hutolewa kwa mujibu wa daftari, na maadamu daftari halisemi kwamba mtu huyo alikuwapo, ofisa hana la kushika. Kwa hiyo maombi sharti yaanze na daftari lenyewe, yaani mstaafu aombe kwanza kumbukumbu yake isahihishwe ili ionyeshe kikosi, mahali na tarehe, na nishani aiombe baada ya hapo, kama haki inayofuata usahihisho huo.

Ili msomaji aone jinsi mahali na tarehe zilivyo uti wa mgongo wa jambo hili, na tutazame nishani za vita vikuu vya pili, walivyopigana baba zetu na babu zetu chini ya bendera ya Uingereza katika King's African Rifles, au KAR kama wenyewe walivyoiita. Nyota ya Afrika ilimhusu aliyetumikia Afrika ya Kaskazini, au katika nchi kama Uhabeshi na Somalia, baada ya Italia kuingia vitani tarehe 10 Juni 1940, na siku moja tu ilitosha. Nyota ya Burma nayo ilimstahilia aliyekanyaga Burma vitani baina ya tarehe 11 Desemba 1941 na tarehe 2 Septemba 1945. Nyota ya 1939 hadi 1945 ilitaka, kwa askari wa nchi kavu, siku 180 katika eneo la mapigano. Na Medali ya Vita ilidai siku 28 tu za utumishi kamili, popote pale. Ndiyo kusema kwamba askari wa batalioni ya 26 au ya 36, ambazo zote mbili zilikuwa za Tanganyika, aliyeshuka bonde la Kabaw pamoja na Divisheni ya 11 ya Afrika Mashariki hadi kuufikia mto Chindwin mwishoni mwa mwaka 1944, hakuhitaji kuthibitisha ushujaa wowote. Alihitaji karani mmoja tu aandike kwamba alikuwako.

Sasa tazama mambo yalivyokwenda. Nyota ya Burma ilianzishwa mwezi wa Mei 1945, vita vikikaribia kwisha, na askari walianza kurejeshwa makwao kwa maelfu mwaka huo na uliofuata. Hata huko Uingereza askari wa nchi kavu aliyekwisha kuachishwa alitakiwa aziombe mwenyewe nishani zake. Na kama mambo yalikuwa hivyo kwa mtu mwenye anwani, ajuaye kusoma Kiingereza na kupitiwa na tarishi kila siku, ni rahisi kufahamu jinsi haki hiyo ilivyompita mtu aliyerudi Utete au Liwale, akashika jembe lake, asijue kamwe kwamba kuna nyota ya shaba yenye ncha sita iliyokuwa ikimngojea.

Wala ucheleweshaji haukuwapata wadogo peke yao. Sajini Nigel Leakey wa batalioni ya kwanza ya KAR ya 6, ambayo ndiyo iliyokuwa KAR ya Tanganyika, tarehe 19 Mei 1941 huko Colito katika Uhabeshi alirukia juu ya kifaru cha adui, akakifungua na kuwapiga risasi waliokuwamo, asimsaze ila dereva, ambaye alimlazimisha akiendeshe kifaru mpaka mafichoni; kisha akaandama kifaru kingine na hakuonekana tena. Nishani ya Victoria Cross, iliyo kuu kuliko zote za ushujaa katika himaya ile, haikutangazwa kwa jina lake ila mwezi wa Novemba 1945, yaani baada ya miaka minne na nusu. Vita hivyo vya Colito ndivyo vilivyoipa jina kambi ya Colito hapa Dar es Salaam, ambayo sisi leo twaijua kwa jina la Lugalo. Ikiwa tendo kubwa kama hilo, lililoonwa na wengi, lilingoja miaka hiyo yote, mstaafu asione haya kuleta dai lake baada ya muda mrefu. Kuchelewa si hoja ya kulibatilisha.

Wakati wetu wenyewe, yaani wa vita vya Kagera, una sababu zake za kumbukumbu kupungukiwa. Majeshi ya Idi Amin yalipovuka mpaka mwishoni mwa Oktoba 1978 na kuitwaa nchi iliyo kaskazini ya Mto Kagera, jeshi letu lilikuzwa kwa haraka ambayo haikuwa imepata kuonekana hapa nchini; waliingizwa mgambo, askari wa Jeshi la Kujenga Taifa (JKT), polisi na magereza, na watu walipelekwa mbele kwa treni na malori wakati ambapo kazi ya kuandika ilikuwa nyuma sana ya kazi ya kupigana. Katika hali hiyo yawezekana mtu kuandikishwa katika kikosi kimoja, akavuka mto na kikosi cha pili, akajeruhiwa akiwa na cha tatu, na daftari likabaki na kile cha kwanza tu. Fauka ya hayo kuna balaa la majina. Karani aliandika alivyosikia: Rajabu bin Salumu akawa Rajabu Salim, jina la babu likashika mahali pa jina la baba, na wengine walijiandikisha kwa majina ya utani ambayo leo hayapatani na kitambulisho chao cha taifa. Ndiyo sababu nasisitiza kwamba barua yoyote ianze na namba ya jeshi, zile herufi MT na tarakimu zifuatazo, kwani jina laweza kugeuka mara tatu katika maisha ya mtu na namba isigeuke.

Mtu aliyekuwa katika vita hivyo asitosheke na kuandika kwamba alikwenda Uganda. Aseme aliondoka wapi na mwezi gani. Alikuwa platuni gani, kombania gani, brigedi gani. Alivuka mto Kagera mahali gani, hali daraja la Kyaka limekwisha vunjwa na adui. Na kamanda wake alikuwa nani. Mambo hayo yapimika. Brigedi ya 208 ya Mwita Marwa, ya 207 ya John Walden na ya 201 ya Imran Kombe hazikuwa mahali pamoja siku zote. Masaka ilitwaliwa mwezi wa Februari 1979, mapigano ya Lukaya yakawa tarehe 10 na 11 Machi, Kampala ikaanguka tarehe 11 Aprili na Jinja tarehe 22 ya mwezi huohuo. Mzee anayeandika kwamba aliingia Kampala mwezi wa Februari amejidhulumu nafsi yake, hata kama kosa lenyewe ni la usahaulifu wa uzee; na dawa yake ni kukaa na wenzake aliokuwa nao, wakumbushane taratibu, kabla ya kalamu kugusa karatasi. Asilolikumbuka aseme halikumbuki. Msomaji wa barua humwamini zaidi mtu anayejua mpaka wa kumbukumbu yake.

Wenzake hao ndio mashahidi wake pia. Wawili waliokuwa katika kombania moja naye, wenye namba zao na nishani zao zilizokwisha kuandikwa, wakila kiapo mbele ya hakimu au wakili mwenye mamlaka ya kuapisha, ushahidi wao una uzito kuliko wa wana na ndugu ishirini ambao hawakuwapo. Kiapo kiseme kile tu alichokiona shahidi kwa macho yake. Pamoja nacho yafaa kutafutwa karatasi ndogondogo ambazo watu huzidharau: barua iliyotumwa nyumbani kutoka mpakani, picha iliyoandikwa mahali na tarehe kwa nyuma, cheti cha hospitali alikotibiwa jeraha, hati ya kusafiria, karatasi ya mshahara.

Najua watu wa Mbagala watanijibu kwamba karatasi hizo hawanazo, nao wana udhuru wa haki. Tarehe 29 Aprili 2009 ghala la mabomu la kambi ya Mbagala Kuu liliporipuka, watu zaidi ya ishirini walifariki na nyumba nyingi zikabomoka, na mtu akimbiaye na wanawe mikononi hachukui sanduku la karatasi. Lakini kupotea kwa karatasi si mwisho wa haki, na hapo mataifa mengine yana funzo. Tarehe 12 Julai 1973 moto uliunguza jengo la kumbukumbu za wanajeshi wa Marekani katika mji wa St. Louis, yakateketea mafaili baina ya milioni 16 na 18. Na huko London mabomu ya Wajerumani mwaka 1940 yaliteketeza sehemu kubwa ya mafaili ya askari wa vita vikuu vya kwanza. Katika St. Louis makarani hawakufunga mlango. Waliyajenga upya maisha ya askari kwa orodha za mishahara, taarifa za kila siku za vikosi na kumbukumbu za hospitali. Na mstaafu wetu aombe hivyo hivyo: ikiwa faili lake halionekani, aombe orodha ya kombania yake itazamwe, na daftari la mishahara la mwaka ule, na orodha ya majeruhi.

Husimuliwa habari moja ya mwaka 1964, Ujerumani Magharibi ilipokubali kuwalipa askari wazee waliopigana chini ya kamanda wa Kijerumani von Lettow-Vorbeck katika vita vya 1914 hadi 1918. Wazee walikusanyika Mwanza, na wachache mno walikuwa na vyeti. Wasimulizi wanasema kwamba ofisa aliyeleta fedha alimpa kila mmoja ufagio badala ya bunduki na kumwamrisha kwa Kijerumani, na wote walifanya gwaride bila ya kukosea, baada ya miaka karibu hamsini. Mimi huipenda habari hiyo kwa sababu mwenye dhamana alikubali kutafuta njia nyingine ya kuujua ukweli, badala ya kumfukuza mtu kwa kukosa karatasi.

Jambo jingine, na hili nalisema kwa ukali: mstaafu asiguse hati yake ya zamani kwa kalamu. Mstari mmoja alioongeza mwenyewe, hata uwe wa kweli tupu, waweza kuufanya ukweli wote uliobaki utiliwe shaka. Wamarekani, wanapomsahihishia mtu cheti chake cha kuachishwa jeshi, hawakifuti kilichoandikwa. Humtolea karatasi ya pili ya marekebisho, nayo huambatanishwa na ile ya kwanza, kila mtu akaona kosa lilikuwa nini na lini lilisahihishwa. Mstaafu wetu naye aombe hati kama hiyo, yenye saini na muhuri. Na vishoka wanaozunguka wakiahidi kuipata nishani kwa fedha, awakimbie.

Barua yenyewe naona inafaa ielekezwe Makao Makuu ya Jeshi, kwa wanaoshughulikia utumishi, ipitie kikosi chake cha mwisho, na aliyeingia vitani kama mgambo amwone kwanza Mshauri wa Mgambo wa Wilaya. Abaki na nakala iliyogongwa muhuri wa kupokelewa. Ombi liwe moja, fupi, lenye kutaja kosa na usahihisho wake.

Wapo wanaouliza faida ya kipande cha shaba kwa mtu asiye na dawa wala paa zima. Swali hilo ni la huruma, lakini limekosea. Mwaka 2021 tume inayotunza makaburi ya askari wa Jumuiya ya Madola ilikiri kwamba watu wasiopungua 116,000, na pengine hata 350,000, wengi wao wa Afrika Mashariki na Misri, waliofia vita vya kwanza hawakukumbukwa kwa majina yao, au hawakukumbukwa kabisa. Wapagazi wetu walibeba mizigo mpaka wakafa njiani, na hakuna awezaye leo kumwambia mjukuu babu yake yuko wapi. Kati ya askari wa Kagera wapo walio hai hadi leo, wapo na mashahidi wao, na orodha zao ni za serikali yetu wenyewe. Kwa hiyo hatuna udhuru waliokuwa nao wakoloni.

Wale ambao mwenye haki amekwisha fariki, mjane au watoto wake waanze kwa kupata cheti cha kifo na hati ya usimamizi wa mirathi, ambayo watu wa Temeke huishughulikia katika Kituo Jumuishi cha masuala ya familia, maana ofisi haiwezi kujibizana na kila mtoto peke yake. Namna warithi wanavyoweza kuuliza huko Uingereza juu ya nishani za KAR, na jinsi nishani za Umoja wa Mataifa zinavyohesabiwa kwa waliotumikia Darfur na Kongo, tutaieleza katika sehemu ya tatu.