Nia ya Kijana na Baiskeli ya Marehemu

Wazee wetu walinena ya kwamba haba na haba hujaza kibaba. Methali hii tumeisikia tangu utotoni hata imechakaa masikioni mwetu, nasi huitaja bila ya kuitia maanani. Mimi, msomaji mpenzi, nimefundishwa maana yake mara mbili. Mara ya kwanza ilikuwa chuoni, mbele ya mwalimu mwenye bakora. Mara ya pili ni juzijuzi tu, hali nina mvi kichwani, na aliyenifundisha ni mpwa wangu na baiskeli moja kuukuu.

Baiskeli hiyo ilikuwa ya marehemu shemeji yangu. Ni Raleigh, zile za Kiingereza zenye fremu nzito nyeusi, breki za vyuma, na keria ya nyuma iwezayo kubeba gunia zima la viazi. Marehemu alikuwa akiendea kazini Kilindini kwa baiskeli hiyo. Alipofariki, dada yangu aliifunika kwa gunia akaiegemeza nyuma ya mlango. Ikakaa hapo miaka sita ikila vumbi na kutu, wala hapana aliyethubutu kuiuza.

Mpwa wangu ana umri wa miaka 22. Alimaliza kidato cha nne, akaanza kujifunza kompyuta akaacha. Akauza mitumba miezi miwili, akaacha. Akasema atajifunza udereva, hata somo la pili hakulifikia. Mchana kutwa alikuwa maskani pamoja na wenzake, simu mkononi na miraa shavuni. Wawili katika wenzake hao walikwisha kutekwa na unga, na kila mtu wa mtaa wetu ajua maana ya neno hilo. Dada yangu alikuwa halali usiku mpaka asikie mlango ukifunguliwa na miguu ya mwanawe ikipita ukumbini.

Basi usiku mmoja baada ya sala ya isha, tumekaa barazani wazee wanne na kahawa yetu, kijana akaja na karatasi aliyoichana kwenye daftari. Akaniamkia kwa adabu, kisha akasema, "Mjomba, nimeandika mambo matatu nitakayoyafanya mwaka huu. Nataka uwe shahidi wangu."

Nikaisoma karatasi. La kwanza, kwenda Malindi kwa baiskeli ya babake na kurudi. La pili, kusomea ufundi wa umeme. La tatu, kuacha miraa.

Nikacheka. Wenzangu nao, nilipowasomea, wakacheka hata mmoja akamwaga kahawa. "Malindi!" nikamwambia. "Malindi ni karibu kilomita 120. Wewe hata Kongowea huendi mpaka upate tuk-tuk." Kijana akaikunja karatasi yake, akaitia mfukoni, akaondoka kimya. Kicheko kile nimekijutia kuliko maneno mengi niliyopata kuyasema katika umri wangu.

PANCHA YA MTWAPA

Jumapili iliyofuata, mwezi wa Januari, alitoka asubuhi saa tatu, jua limekwisha kupanda. Alikuwa ametia tairi mpya na kuupaka mnyororo mafuta, lakini pampu hakuchukua, wala kiraka, wala maji. Tena huo ulikuwa msimu wa kaskazi. Sisi watu wa pwani twaujua upepo huo kwa majahazi, tukasahau kwamba na baiskeli nayo ni chombo. Mtu aendaye Malindi wakati wa kaskazi huwa upepo wampiga kifuani njia nzima.

Alifika Mtwapa, kama kilomita 16, na hapo tairi ya nyuma ikapata pancha. Alirudi mjini magharibi juu ya pikapu ya madafu, baiskeli imelazwa ubavuni mwake. Kwa siku tatu hakuonekana ila maskani.

Siku ya nne dada yangu alikuja kwangu. Hakukaa kitako wala hakunywa chai. Alisema neno moja tu: "Ndugu yangu, mwanangu mara hii alikuwa amesimama. Nyinyi ndio mliomkalisha." Akajifunga buibui lake akaenda zake.

Sikulala usiku ule. Nilikumbuka kwamba mimi nami katika umri wa kijana yule niliazimia kutunga utenzi mrefu, nikatunga beti kumi na moja, mzee mmoja akanikejeli mbele za watu, nikayafungia makaratasi sandukuni. Yamo mpaka leo. Nilikuwa nimempa mpwa wangu sumu ile ile niliyonyweshwa mimi.

JUZUU BAADA YA JUZUU

Asubuhi nilimwendea. Nikamwomba radhi kwanza, kwani mkubwa akikosa naye hukosa. Kisha nikamwuliza, "Ulipoingia chuoni, mwalimu alikuanzisha wapi?"

Akanijibu, "Alifu, mjomba. Alifu, be, te."

"Kisha?"

"Kisha sura fupi fupi za Juzuu Amma."

Nikamwambia, "Msahafu una juzuu 30, na Amma ndiyo ya mwisho. Mbona hawakukuanzisha Baqara, nayo ni ya pili baada ya Fatiha?" Akanyamaza akifikiri. Nikaendelea: "Kwa sababu waliotutangulia walijua kwamba moyo wa mtoto hupata nguvu kwa kumaliza. Humaliza sura ya aya tatu, hufurahi, hutaka nyingine. Angeanzishwa kwa aya 286 angekimbia. Wewe umeanza safari yako kwa Baqara. Malindi na ikae mwisho. Leo tutafute alifu yako."

Tukaketi tukaigawa safari. Wiki za mwanzo aende Mama Ngina tu, kila siku baada ya sala ya alfajiri, azunguke ufukoni wakati mji ungali baridi na magari ni machache. Njia hiyo ikiwa nyepesi, avuke Daraja la Nyali. Kisha Bamburi, kisha Mtwapa, kisha Vipingo penye mashamba ya mkonge, kisha Kilifi, karibu kilomita 60. Hatua isiongezwe mpaka iliyopo iwe haimtoi jasho la taabu. Na siku ikimpita kwa mvua au kwa uvivu, asiseme "nimeharibu, basi tena." Aliyeisahau aya moja haanzi upya kwa alifu, huirudia aya hiyo akaendelea.

Shabaha ya umeme nayo tuliigawa vivyo hivyo. Wiki ya kwanza akaulize karo na masharti tu. Wiki ya pili atafute vyeti vyake. Ya tatu ajaze fomu. Vijana wetu wengi hawakosi nia. Huibeba nia nzima nzima kama gunia la simiti, wakaanguka nayo mlangoni. Chuoni tulifundishwa kwamba amali husimama juu ya nia, na kwamba iliyo bora ni ile idumuyo ijapokuwa ndogo. Mambo hayo mawili hayatengani.

CHOMBO KISICHODANGANYA

Huenda msomaji akauliza, kwa nini baiskeli? Si afadhali kijana atafute kazi? Jawabu langu ni kwamba kijana asiyeweza kuitimiza ahadi aliyojipa mwenyewe hata kazi akiipata haitadumu mkononi mwake. Baiskeli ni mwalimu mzuri wa ahadi kwa kuwa haidanganyi. Ukikanyaga huenda, ukiacha husimama.

Tena ni chombo chenye historia ndefu. Mwaka 1817 Mjerumani Karl Drais aliendesha mjini Mannheim kigari cha mbao cha magurudumu mawili kisicho na pedali, mtu akikisukuma kwa kukimbia kwa miguu yake. Pedali zilikuja Ufaransa katika miaka ya 1860, zikiwa zimefungwa kwenye gurudumu la mbele. Mwaka 1885 Mwingereza John Kemp Starley alitoa baiskeli ya magurudumu yaliyolingana, yenye mnyororo wa kuzungusha gurudumu la nyuma, na hiyo ndiyo mama wa hizi tulizo nazo. Miaka michache baadaye John Boyd Dunlop, akiwa Belfast, akatengeneza mpira wenye upepo ndani kwa ajili ya kigari cha mwanawe. Yaani hata baiskeli yenyewe haikutimia kwa siku moja. Ilichukua miaka 70 na zaidi, kila mtu akiongeza kipande chake.

Wako kwetu wanaoiona baiskeli kuwa kipando cha muuza mkate na mchukuzi wa samaki, mtu wa heshima akipanda hujishusha. Hao nawakumbusha habari ya Chris Froome, aliyezaliwa Nairobi mwaka 1985. Utotoni alifundishwa kuendesha na Mkenya mwenzetu David Kinjah huko Kikuyu, na baadaye akashinda mashindano makubwa ya Tour de France mara nne: 2013, 2015, 2016 na 2017. Sisemi kila kijana wa Mombasa awe bingwa. Wengi wetu twahitaji siha tu. Shirika la Afya Duniani lawashauri watu wazima wautaabishe mwili kwa kiasi dakika 150 kwa wiki au zaidi. Ukizigawa ni nusu saa kwa siku tano, nao ni muda mchache kuliko ule tunaoutumia barazani kulalamikia sukari na presha.

YALIYO LAZIMA

Anayetaka kuanza na ayajue haya. Kiti kiinuliwe hata mguu unapokanyaga pedali ya chini uwe umekaribia kunyooka. Kiti kikiwa chini sana huumiza magoti. Tairi zijazwe upepo sawasawa, kwani tairi legevu humchosha mtu bure na hupata pancha upesi. Mnyororo usafishwe kwa kitambaa na mafuta ya taa, ukaushwe, kisha utiwe mafuta, maana chumvi ya bahari yetu haina huruma na chuma. Breki zijaribiwe kabla ya kutoka. Kofia ngumu ivaliwe, na taa iwepo mbele na nyuma, kwa sababu barabara ya Malindi ina mabasi na malori yasiyomngoja mtu. Pampu, viraka, gundi na chupa ya maji visiachwe nyumbani. Hayo mpwa wangu alifundishwa na Mtwapa.

Na mabinti je? Mdogo wake wa kike naye aliomba kuzunguka Mama Ngina alfajiri pamoja na kakake. Wako waliokunja nyuso. Mimi nikasema, stara yake anayo, ndugu yake yu pamoja naye, na siha si ya wanaume peke yao. Sharti langu lilikuwa moja: baiskeli yake itiwe kifuniko cha mnyororo, na buibui likusanywe vizuri, kwani vazi likinaswa na mnyororo au spoku huangusha.

MWEZI WA AGOSTI

Juzuu baada ya juzuu, miezi ikapita. Kwenye ukuta wa ukumbini, pale ilipokuwa baiskeli, palijaa mistari ya chaki, mmoja kwa kila siku aliyotoka. Dada yangu akawa hafuti hata akipaka chokaa.

Nilimshauri angoje kusi, upepo utokao kusini, umsukume mgongoni. Jumamosi moja ya Agosti akaondoka mara baada ya sala ya alfajiri. Alivuka daraja la Kilifi, lililofunguliwa mwaka 1991, ambapo sisi wa rika langu tulikuwa tukingoja feri kwa saa nzima. Kabla ya adhana ya alasiri simu ya mamake ikalia. "Mama, niko Malindi." Dada yangu hakujibu kitu. Aliishika simu kwa mikono miwili akawa analia.

Kurudi ndiko kulikokuwa kugumu, maana kusi iliyomsaidia sasa ilimpinga. Akalala Kilifi, akaingia mjini siku ya pili, ngozi imeungua na macho yanang'aa.

Sitaki msomaji adhani kwamba mambo yote yamekwisha. Ufundi wa umeme ameanza, yu mwaka wa kwanza, na hesabu zamtesa. Miraa ameiacha, ameirudia mara mbili, na sasa ameiacha tena. Ila ameniambia kwamba usiku wa kuamkia siku ya baiskeli haigusi, na siku za baiskeli zazidi kuwa nyingi. Mamake siku hizi hulala mapema.

Nami nimenunua baiskeli ya mkononi. Huzunguka Mama Ngina mara mbili, na shabaha yangu ni Daraja la Nyali kabla ya Ramadhani. Wenzangu wa barazani wanicheka. Usiku nikirudi hulifungua sanduku langu la zamani, na kwenye zile beti kumi na moja nimeongeza nne. Mpwa wangu nimemtolea ubeti huu:

Kijana igawe nia, siibebe mara moja,
Mapema ishike njia, acha maneno na hoja,
Wanaokucheka pia, kesho nyuma watakuja,
Malindi utaingia, kwa maili moja moja.