Ugali Ubaki, Mboga Ziongezwe

Mjini Kakamega, marafiki wakikutana baada ya miezi kadhaa hupimana kwa macho kwanza. Aliyenenepa huambiwa amenawiri, maisha yamemkubali. Aliyekonda huvutwa kando na kuulizwa kama kuna tatizo. Mtazamo huo una sababu zake. Katika miaka ya 1990, ukimwi ulipokuwa ukimaliza familia magharibi mwa Kenya na dawa za kupunguza makali hazijawafikia wengi, kukonda kulimaanisha kwamba msiba unabisha hodi. Mtu akimwambia leo mama wa Lurambi au Malava, Kaunti ya Kakamega, kwamba apunguze uzito, anagusa kumbukumbu hiyo yote.

Lakini hali imebadilika, na takwimu zinaonyesha jinsi ilivyobadilika haraka. Utafiti wa kitaifa wa idadi ya watu na afya wa 2008-09 ulipata kwamba wanawake 25 kati ya kila 100 wenye umri wa miaka 15 hadi 49 walikuwa na uzito uliozidi au unene wa kupindukia. Mwaka 2014 walikuwa 33. Utafiti wa 2022, uliohesabu wenye umri wa miaka 20 hadi 49, ulipata wanawake 45 na wanaume 19 katika kila 100. Utafiti huo huo ulikuta watoto 18 kati ya 100 walio chini ya miaka mitano wamedumaa. Nyumba moja inaweza kuwa na mama mwenye presha na mtoto aliyekosa lishe, na wote wanapakuliwa kutoka sufuria moja.

Ushauri unaotolewa kwa kawaida hausaidii sana hapa. Mtu huambiwa aache ugali kabisa, ale saladi na samaki wa bei ghali, au anywe maji ya limau kwa wiki mbili. Anajitahidi, anapungua kilo tatu, kisha anachoka na kilo zinarudi. Sayansi ya miaka ya karibuni inatuonyesha njia nyingine: mabadiliko madogo katika chakula kile kile tunachokula, yawe ya kudumu, na mwili upewe muda wake.

Mwili una ulinzi wake

Anayepungua kisha akanenepa tena huitwa mvivu au mlafi. Hukumu hiyo si ya haki. Seli za mafuta mwilini hutoa homoni iitwayo leptini, ambayo hupeleka ubongoni habari za akiba iliyopo. Iligunduliwa mwaka 1994 katika maabara ya Jeffrey Friedman nchini Marekani. Akiba ikipungua, leptini hushuka, na ubongo hutafsiri kwamba njaa imeingia. Wakati huo huo homoni nyingine, grelini, inayotoka tumboni, hupanda na kuchochea hamu ya kula. Mwili nao huanza kubana matumizi ya nishati.

Mwaka 2011 watafiti wa Australia walichapisha matokeo ya kufuatilia watu 50 wenye uzito uliozidi, ambao walipewa chakula kidogo sana kwa wiki 10. Walipungua zaidi ya kilo 10 kwa wastani. Mwaka mmoja baadaye, homoni zao za njaa zilikuwa bado hazijarudi katika hali ya awali, na wao wenyewe walisema bado wanahisi njaa kuliko zamani. Kwa hiyo anayejinyima ghafla hupigana na mfumo uliowalinda babu zetu wakati wa ukame, na mfumo huo una subira kumshinda.

Habari njema ni kwamba si lazima mtu arudi kwenye kiuno cha ujana wake ndipo afya ipatikane. Katika utafiti mkubwa wa Marekani uliotangazwa mwaka 2002, zaidi ya watu 3,000 waliokuwa karibu kupata kisukari walifuatiliwa. Kundi lililolenga kupunguza asilimia 7 ya uzito na kutembea kwa kasi dakika 150 kwa wiki lilipunguza hatari ya kisukari kwa asilimia 58. Kwa mtu wa kilo 80, asilimia 7 haifiki kilo 6.

Jembe peke yake halitoshi

Wengi magharibi mwa Kenya husema, "Mimi nalima, jasho linanitoka, siwezi kunenepa." Jirani zetu Wahadza, wanaoishi kando ya Ziwa Eyasi nchini Tanzania kwa kuwinda na kuchimba mizizi, walisaidia kujibu hoja hiyo. Herman Pontzer na wenzake walipima nishati wanayotumia kwa siku na kuchapisha matokeo mwaka 2012. Wanaume wa Kihadza walitembea zaidi ya kilomita 10 kila siku. Hata hivyo, ukubwa wa mwili ulipozingatiwa, jumla ya nishati waliyotumia haikutofautiana na ya wakazi wa miji ya Marekani na Ulaya. Maelezo ya Pontzer ni kwamba mtu akifanya kazi nyingi kila siku, mwili hupunguza matumizi katika shughuli zake za ndani.

Kutembea bado ni dawa. Huteremsha presha, hujenga misuli, husaidia sukari kuondoka kwenye damu, na husaidia aliyepungua asirudi alikotoka. Anayepanda boda hadi mlangoni angeweza kushuka mapema na kumalizia kwa miguu. Ila asidhani kwamba mwendo huo unafuta alichokula. Uzito huamuliwa zaidi jikoni.

Kitonge na mboga yake

Tuutazame mlo wa jioni wa Kakamega kwa karibu. Ugali umegeuzwa kwenye sahani na kukatwa kwa mwiko. Kila mmoja anamega, anafinyanga kitonge, anabonyeza kidole gumba katikati ili kuchotea mboga. Sahani nyingi siku hizi zina bonge la ugali lililojaa, na pembeni sukuma wiki kidogo iliyokaangwa kwa mafuta mengi. Mboga imekuwa ya kusindikiza tu. Utafiti wa kitaifa wa mwaka 2015 kuhusu magonjwa yasiyoambukiza ulipata kwamba Wakenya wazima 94 kati ya 100 hawafikishi vipimo vitano vya matunda na mboga kwa siku, kiwango kinachopendekezwa.

Tumbo hutambua zaidi wingi na uzito wa chakula kuliko kalori zake. Linapotanuka, mishipa ya fahamu huuarifu ubongo kwamba shibe inakuja. Mboga za majani zilizochemshwa hubeba maji mengi, na kalori zake hazifiki theluthi ya zile za ugali wa uzito ule ule. Ukipunguza robo ya ugali na kuongeza mboga mara mbili, tumbo linajaa vilevile, huku kalori zikishuka.

Hapa wenyeji wa Kakamega wana hazina. Mboga za kienyeji kama mrenda, saga, managu, mito, kunde na seveve zinajulikana kila boma, na mvua hunyesha karibu mwaka mzima. Mrenda hasa hupikwa bila tone la mafuta: majani huchambuliwa, huchanganywa na kunde, na kuchemshwa kwa munyu, yale maji yanayochujwa kutoka kwenye majivu ya mimea kama maganda ya maharagwe. Munyu hulainisha majani na kuondoa ukakasi. Ule utelezi wa mrenda ni nyuzilishe zinazoyeyuka, na nyuzilishe za aina hiyo hupunguza kasi ya sukari kuingia kwenye damu. Wanaotumia magadi badala ya munyu watie kidogo tu, hasa wenye presha, kwa sababu magadi yana sodiamu kama chumvi ya kawaida.

Kwa miaka mingi mboga hizi zilidharauliwa kama magugu au chakula cha maskini. Profesa Mary Abukutsa-Onyango wa Chuo Kikuu cha Jomo Kenyatta cha Kilimo na Teknolojia ametumia miongo kadhaa kuzitafiti na kuzitetea, na leo zinauzwa hata katika supamaketi za Nairobi.

Wapo wanaoamini kwamba ugali wa wimbi hupunguza mwili. Wimbi na mtama vilikuwa nafaka zetu kuu kabla ya mahindi kuenea katika karne ya 20, na mahindi yalizidi nguvu baada ya mbegu chotara kutoka Kitale kuanza kusambazwa mwaka 1964. Wimbi lina nyuzilishe zaidi, na kalsiamu yake ni nyingi mno kuliko ya mahindi. Lakini kwa kalori, unga wa wimbi na wa mahindi hukaribiana: takriban 350 katika kila gramu 100. Wimbi liliwe kwa faida zake, ila kipimo kibaki kile kile. Kadhalika unga wa kusagisha posho mill bila kukobolewa hushinda ule mweupe wa pakiti kwa nyuzilishe, na hushibisha vizuri zaidi.

Protini nayo hukawiza njaa. Maharagwe, njugu, mayai na omena vinapatikana karibu kila soko. Omena waliochemshwa na nyanya hubeba mafuta machache kuliko waliozamishwa kwenye karai.

Kijiko kimoja na nusu

Kakamega ni nchi ya miwa. Kiwanda cha Mumias kilianza kusaga mwaka 1973, na kizazi kizima kilikua kikiona chai isiyo tamu kama dharau kwa mgeni. Kijiko kidogo cha sukari, kisichojazwa kilima, kina gramu 4 na kalori 16. Anayekunywa vikombe vinne kwa siku, kila kikombe vijiko vitatu, anameza karibu gramu 50. Shirika la Afya Duniani linashauri kwamba kushuka hadi gramu 25 hivi kuna faida zaidi. Soda ya mililita 300 peke yake ina zaidi ya gramu 30.

Mafuta ya kupikia hujificha zaidi, maana hayaonekani yakishaingia kwenye mboga. Lita moja ina kalori zipatazo 8,000. Familia ya watu watano ikimaliza lita kwa wiki, kila mmoja anapata takriban kalori 230 kwa siku kutoka kwenye chupa hiyo. Ongeza smokie, chipsi na biskuti za njiani. Kevin Hall, mtafiti wa Marekani, alionyesha mwaka 2019 kwamba watu waliopewa vyakula vilivyosindikwa kupita kiasi walikula takriban kalori 500 zaidi kwa siku kuliko walipopewa vyakula vya asili, ingawa katika awamu zote mbili waliruhusiwa kula hadi washibe.

Hall na wenzake ndio pia waliotupatia, mwaka 2011, kanuni inayomfaa kila mpishi. Kwa mtu mzima mwenye uzito uliozidi, kila kalori 24 zinazopunguzwa kwa siku, na kubaki zimepunguzwa, hatimaye humwondolea takriban kilo moja. Nusu ya upungufu huo huonekana ndani ya mwaka mmoja, na karibu wote ndani ya miaka mitatu. Kalori 24 ni kijiko kimoja na nusu cha sukari.

Matanga, harusi na mgeni

Ushauri wowote usiojua matanga na harusi utashindwa hapa. Kuku akichinjwa kwa ajili ya mgeni, kukataa ni kumvunjia mwenyeji heshima. Basi mgeni ale, afurahi, ashukuru. Siku chache za sherehe haziamui uzito wa mtu. Zinazouamua ni zile siku nyingine za kawaida, pamoja na chai ya saa kumi ofisini na mandazi ya asubuhi stendi. Penye sinia la pamoja, kuanza na mboga na nyama kabla ya ugali husaidia. Tafiti kwa wenye kisukari cha aina ya pili zimeonyesha kwamba mpangilio huo hupunguza kupanda kwa sukari baada ya kula.

Wanaume nao wana sehemu yao. Mara nyingi baba akilalamika kwamba ugali ni mdogo au mboga haina mafuta, juhudi za mama huishia hapo. Mpishi hawezi kubadilisha sufuria bila wanaokula kukubali.

Kupima bila mizani

Chukua uzi, pima urefu wako kutoka unyayo hadi utosi, ukate, kisha uukunje katikati. Uzi huo uliokunjwa ukiweza kuzunguka kiuno chako usawa wa kitovu na ncha zikakutana, uko vizuri. Zisipokutana, mafuta yamejikusanya tumboni, mahali yanapochochea kisukari na presha. Wahudumu wa afya ya jamii waliopewa mikoba ya kazi kuanzia Septemba 2023 wana vifaa vya kupima presha na sukari, na huja hadi nyumbani.

Anayekonda bila kukusudia aende hospitali haraka, kwa kuwa huenda ni kisukari, kifua kikuu au saratani. Mjamzito, mtoto, na anayetumia dawa za kisukari wasipunguze chakula bila ushauri wa daktari. Na vidonge vya kukondesha vinavyouzwa mikononi visinunuliwe.

Sasa tufanye hesabu ya mwisho. Yule anayekunywa vikombe vinne vya chai vya vijiko vitatu akipunguza sukari kwa nusu, ameokoa karibu kalori 100 kwa siku. Anaweza kuishusha polepole, nusu kijiko kila baada ya wiki mbili, na ulimi utazoea. Familia ile ya watu watano ikifanya lita ya mafuta idumu wiki mbili, kila mmoja ameokoa 115. Jumla ni kalori 215. Zisipofidiwa kwa kitu kingine, kwa kanuni ya Hall zinakaribia kilo 9, na zaidi ya 4 kati ya hizo ndani ya mwaka wa kwanza. Ugali bado haujaguswa, hakuna chakula kipya kilichonunuliwa, na bajeti ya mwezi imepungua. Akiba hiyo ya sukari na mafuta inunue mrenda na saga.