Jiwe la Masisi Lisiloogopa Joto

Redio ifungwayo nyuma ya pikipiki kuelekea Ntoto hutikiswa kutwa na kuchomwa na jua. Ndani yake mna vihifadhi vidogo vya umeme, viitwavyo kapasita. Baadhi yake vina maji ya dawa, nayo hukaushwa na joto. Kapasita ya kawaida ya tantali haina maji. Unga wa madini hayo hushindiliwa na kuchomwa hata ukawa kipande kigumu, kisichovunjwa upesi na mtikisiko. Utando mwembamba mno juu yake ndio uzuiao umeme. Tantali haiyeyuki mpaka joto lipite digrii 3,000! Hutiwa katika mitambo ya magari na ndege. Nayo hutoka katika koltani, kama ile ya Rubaya, Masisi, machimbo yaliyotekwa na M23 mwaka 2024. Huko wachimbaji huingia ardhini kwa sepetu, na mvua zikizidi udongo huwafukia.