Kidole Tumbo Hakingoji Zamu Iishe

Mara nyingi twasikia mfanyakazi akisifiwa kwa kuwa alishikwa na tumbo akiwa kazini, naye akajikaza mpaka zamu ikaisha. Sifa hiyo sisi hatuiafiki. Yako maumivu ambayo kuyavumilia si ushujaa hata kidogo, nayo ni yale ya kidole tumbo.

Kidole tumbo ni kijifuko chembamba, urefu wake wapata sentimita 9, kilichoshikamana na mwanzo wa utumbo mpana, upande wa kulia chini. Charles Darwin alikihesabu mwaka 1871 kuwa ni mabaki tu yasiyo na kazi; leo yajulikana kwamba kina sehemu yake katika kinga ya mwili, ingawa aliyeondolewa huishi vyema bila hicho. Tundu lake likizibwa, pengine na kinyesi kigumu, huvimba, hutunga usaha, na kikiachwa huweza kupasuka.

Ugonjwa huu haujui cheo. Mwezi Juni 1902 mji wa London ulikuwa umekwisha pambwa, na wageni wa mataifa wamewasili, ili Mfalme Edward wa Saba atawazwe tarehe 26. Tarehe 24 alilazwa mezani katika jumba lake mwenyewe, na daktari Frederick Treves akampasua na kutoa usaha. Taji alivikwa tarehe 9 Agosti. Treves alijua analolitenda: mwaka 1900 alikuwa amefiwa na binti yake kwa maradhi hayo hayo. Basi ikiwa sherehe ya dola nzima iliahirishwa kwa ajili ya tumbo la mtu mmoja, msimamizi wa ghala asione uzito kumpa ruhusa mpakiaji wa magunia.

Ndugu, dalili zake ni hizi. Maumivu huanzia aghalabu karibu na kitovu. Baada ya saa kadhaa huhamia chini upande wa kulia na kukaza, hata kukohoa au kutembea kukawa taabu. Hamu ya chakula hutoweka, kutapika hufuata, na homa kidogo. Kwa watoto, wazee na wajawazito mambo huweza kuwa tofauti. Linalotutisha zaidi ni hili: kidole kikipasuka, maumivu huweza kutulia ghafula, na jamaa wakashukuru kwamba mgonjwa amepona, kumbe usaha umeenea tumboni, na ndio huo uuao.

Mafuta ya mbarika na haluli nyingine, ambazo wazee wetu walizipenda kwa kila tumbo, hapa ni hatari. Wako wagonjwa ambao siku hizi hutibiwa kwa antibiotiki peke yake, na baadhi yao hurudi baadaye kupasuliwa. Uamuzi huo ni wa daktari aliyempima. Naye mgonjwa akiwa njiani kwenda hospitali asipewe chakula wala chai, kwa maana huenda akapasuliwa usiku uo huo.