Tarehe 30 Juni Haimngoji Mtu

Kila mwaka zifikapo siku za mwisho za mwezi wa Juni, utaona jambo moja katika miji ya Kenya, hata ile midogo ya sokoni. Vibanda vya kompyuta hujaa watu toka asubuhi mpaka usiku. Walimu, wauguzi, wenye maduka, hata vijana waliomaliza shule juzi, wote wamebanana mlangoni, kila mmoja na kikaratasi chake mkononi. Mashine zachelewa, kwa kuwa nchi nzima yabisha mlango mmoja siku moja. Wengine hurudi nyumbani bila kufaulu, na kesho yake wameamka na deni.

Deni hilo latoka wapi? Latoka kwenye taarifa ya mapato ya mwaka, ambayo watu wa mjini huiita ritani. Mwaka wa kodi waanza tarehe 1 Januari na kwisha tarehe 31 Desemba. Baada ya hapo una miezi sita ya kuieleza Halmashauri ya Ushuru, ile iitwayo KRA, ulipata nini na ulilipa nini. Miezi sita hiyo yakoma tarehe 30 Juni.

Kodi ya zamani na kodi ya leo

Wazee wetu waliijua kodi ya namna nyingine. Mwaka 1901 serikali ya kikoloni ilianza kutoza kodi ya kibanda, na mwaka 1910 ikaongeza kodi ya kichwa. Mtoza kodi alikuja mwenyewe kijijini kuhesabu vibanda, na asiyekuwa na fedha alijua habari yake siku ile ile.

Leo hakuna anayekuja kuhesabu. Sheria yakutaka wewe mwenyewe useme. Hapo ndipo wengi wanapopotea. Wanadhani kwamba wasipoitwa hawatakiwi. Kumbe faini huandikwa kimya kimya kwenye jina lako, na utaiona siku ile unapokuwa na shida ya cheti.

Ni nani anayetakiwa?

Mtu yeyote mwenye namba ya PIN ya kodi ya mapato anatakiwa kupeleka taarifa, awe amepata fedha au hakupata.

Kwanza, mwenye mshahara. Husema, "Mimi nimekwisha kukatwa kila mwezi, wanataka nini tena?" Ni kweli umekatwa, lakini aliyepeleka fedha ni mwajiri. Taarifa ni yako. Mwanzoni mwa mwaka mwombe mwajiri karatasi iitwayo P9, inayoonyesha mshahara wako na kodi uliyokatwa mwezi kwa mwezi. Ukiwa nayo, kazi iliyobaki ni ndogo.

Pili, kijana asiye na kazi. Huyu alichukua PIN labda kwa kuomba mkopo wa masomo, kisha akaisahau. Naye apeleke taarifa ya sifuri, yaani aseme kwamba hakupata kitu. Ni kazi ya dakika chache. Asipoipeleka, faini ya mtu binafsi ni shilingi 2,000 au asilimia 5 ya kodi anayodaiwa, ile iliyo kubwa zaidi. Fikiri basi kijana aliyekaa miaka mitatu bila kupeleka: shilingi 6,000, naye hajapata hata senti. Siku anapoitwa kazini, anaambiwa alete cheti cha kuonyesha kwamba hana deni la kodi. Cheti chenyewe hakiuzwi, lakini hakitoki mpaka taarifa zote zimepelekwa na deni limeshughulikiwa. Wazazi, waulizeni watoto wenu jambo hili msiku huu wa leo.

Tatu, mwenye biashara au nyumba za kupangisha. Kwake yeye Juni haitoshi. Ana tarehe nyingine pia.

Mwenye duka na tarehe 20

Tangu Julai 2023, biashara inayouza zaidi ya shilingi 1,000,000 kwa mwaka lakini isiyozidi 25,000,000 hutozwa kodi ya mauzo ya asilimia 3. Hulipwa kila mwezi, kabla ya tarehe 20 ya mwezi unaofuata kupita.

Tuchukue mfano. Mama mmoja ana duka kijijini. Huuza shilingi 4,000 kwa siku, na hufungua siku 26 kwa mwezi. Mauzo yake ni 104,000 kwa mwezi, yaani 1,248,000 kwa mwaka. Amevuka ile milioni moja, ingawa mwenyewe hujiona mtu mdogo. Kodi yake ya mwezi ni shilingi 3,120. Akichelewa mwezi mmoja, aongezewa 1,000 kwa kutopeleka taarifa, asilimia 5 kwa kutolipa, na riba ya asilimia 1. Zile 3,120 zimekuwa zaidi ya 4,300.

Angalieni neno moja hapa: kodi hii hukatwa kwenye mauzo, si kwenye faida. Hata mwezi uliopata hasara, umeuza. Kama faida ya duka lako ni nyembamba sana, sheria yakuruhusu kuiandikia Halmashauri kwamba hutaki njia hii, ukatozwa kwa faida. Lakini asiye na daftari asijaribu. Atakayetozwa kwa faida lazima aonyeshe gharama zake, na tangu tarehe 1 Januari 2024 gharama nyingi za biashara hazikubaliwi bila ankara ya mtandao iitwayo eTIMS.

Anayepangisha nyumba za kuishi naye ana tarehe 20. Kodi yake tangu Januari 2024 ni asilimia 7.5 ya pango alilopokea, ikiwa pango la mwaka ni kati ya 288,000 na milioni 15. Mwenye vyumba vinne vya shilingi 7,000 kila kimoja hupokea 28,000 kwa mwezi, na kodi yake ni 2,100. Chumba kilichokaa kitupu hakilipiwi.

Na aliyeajiri watu ambao mshahara wao wakatwa kodi, apeleke makato hayo kabla ya tarehe 9 ya mwezi unaofuata kupita. Fedha hizo si zake. Asizile kwa kununua bidhaa akitumaini kuzirudisha.

Mambo matano ya kushika

Nunua daftari. Kila jioni, kabla ya kufunga mlango, andika upande mmoja uliyouza na upande wa pili uliyotumia. Tia risiti zako katika bahasha, mwezi kwa mwezi. Sheria yataka kumbukumbu zitunzwe miaka mitano.

Tenga fedha ya kodi mapema. Katika kila shilingi 100 uliyouza, weka 3 kando. Ukingoja tarehe 19, utakuta fedha imekwisha kuwa sukari na mafuta ya taa.

Usimpe mtu yeyote neno lako la siri, wala fedha mkononi akulipie. Wako watu wa vibanda walio waaminifu, na wako wasio waaminifu. Wengine, kwa haraka, humwandikia mwenye mshahara taarifa ya sifuri, na huo ni uwongo ulioandikwa kwa jina lake yeye. Kaa karibu, tazama kinachoandikwa, kisha dai karatasi ya kuonyesha kwamba taarifa imepokelewa. Bila karatasi hiyo usiondoke.

Usinunue kinachotolewa bure. PIN haina bei. Ukishindwa, nenda ofisi ya KRA au Huduma Centre iliyo karibu, uulize.

Uliza upya kila mwaka. Bunge hubadili sheria za kodi mara kwa mara, na mabadiliko mengi huanza tarehe 1 Julai. Kiasi tulichokitaja hapa chaweza kupanda au kushuka. Mazoea ya daftari hayabadiliki.

Mwisho, ndugu msomaji, usitishike. Anayeshindwa kulipa yote kwa mara moja aweza kwenda Halmashauri kuomba kulipa kidogo kidogo. Na hata usipokuwa na fedha, peleka taarifa kwa wakati wake, kwa kuwa faini ya kunyamaza ni mbali na deni lenyewe. Mwezi wa Februari vibanda vya kompyuta havina foleni. Chukua PIN yako na P9 yako, nenda siku ya soko, na kabla jua halijawa kali utakuwa umemaliza.